Nani Alimeza Punje ya Kabonesa

"Mama, mdudu ni mdudu tu." Hivyo ndivyo alivyoniambia baba yako mkubwa Ndibalema asubuhi hii, kasimama hapo hapo ulipokaa, panga kalishika. "Mimi sina haja ya kujua huyu ni yupi na yule ni yupi. Wadudu wa mibuni yangu wametoka kwa Byarugaba huko chini. Naing'oa mibuni ya mpakani yote, yamalizike."

Nikamwambia ngoja nimalize kumenya ndizi. Akasema hangoji. Kabla sijaweka kisu chini, baba yako Byarugaba naye huyo anapanda kutoka bondeni, jasho linamtoka, na yeye ana lake. Ati wadudu wanamdondokea kutoka kwa kaka yake.

"Mibuni yangu inakauka kuanzia nchani, Mama. Aliye juu yangu ni nani?"

"Na yangu inaliwa kuanzia shinani," Ndibalema akamjibu. "Aliye chini yangu ni nani?"

Ndizi zikanishinda. Mjukuu wangu Kokugonza, mimi magomvi ya ukoo huu nayajua yote. Najua shangazi zako walinuniana kwa ajili ya kitenge gani, najua kwa nini babu yako hakula kwa kaka yake mpaka akazikwa. Hili la wadudu nimeligeuza huku na huku, kichwa na mkia sivioni. Wa juu anasema mdudu anapanda, wa chini anasema mdudu anashuka, na mibuni yenyewe aliipanda baba yao kabla hata hawajaota meno. Ikishang'olewa hairudi.

Basi sogea hapa, acha kuchezea hayo maganda. Nitakusimulia nilivyosimuliwa na mama yake mama yangu. Pale aliponichanganya yeye nitakuchanganya na wewe, maana sina namna ya kupanyoosha.

Zamani hizo mbuni ulikuwa mti mzima. Ukiukata, ndani ni mbao nyeupe tupu, kuanzia mzizi mpaka ncha, hakuna tundu, hakuna unga. Mdudu wa kuingia ndani ya mti ulio hai alikuwa hajapatikana. Na kwenye mteremko wote huu, kuanzia kwenye mawe ya juu mpaka kule kwenye maji, mbuni ulikuwa mmoja tu. Ulikuwa wa mwanamke mmoja jina lake Kabonesa.

Kabonesa alikuwa mjane. Watoto wake walioa na kuolewa mbali, ng'ombe hakuwa nao, na migomba yake ilikuwa ya kawaida. Lakini nyumba yake haikukaukiwa watu. Wakati ule, kama sasa, mgeni hakukaribishwa kwa mdomo mtupu, alipewa buni atafune. Wakwe hawakukaa chini bila buni. Na watu wawili wakikosana, hata wakitaka kupatana, mmoja hakuweza kumwambia mwenzake yameisha kabla hawajatafuna pamoja. Buni ilikuwa kwa nani? Kwa Kabonesa. Kwa hiyo kila mwenye harusi, kila mwenye msiba, kila aliyemtukana jirani akajuta, alipita mlangoni kwake. Mbuni ule ndio uliomfanya awe mtu. Siku ukifa, hakuna wa kumbishia hodi, na watu wa mteremko mzima watabaki na hasira zao ndani ya nyumba bila pa kuzipeleka.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na rundo la kuni na magogo makavu. Ndani ya rundo hilo walikaa wadudu wawili, mmoja Kajuna, mwingine Rutinwa. Walikuwa na rangi moja, kijivu kama majivu ya jikoni. Pembe zao zilikuwa fupi, unaweza kudhani ni punje za ulezi zimenata kichwani. Kabonesa akimwita Kajuna, anakuja Rutinwa. Akimfokea Rutinwa, anayelia ni Kajuna. Chakula chao kilikuwa mti uliokufa, basi. Walitafuna magogo wakatoa unga, na Kabonesa akauzoa unga ule akaumwaga kwenye migomba. Hakuwa na ugomvi nao.

Ugomvi walikuwa nao wao wenyewe. Likaletwa gogo moja la mkuyu, nono, limekauka vizuri, na wale wawili wakaligombania kiangazi kizima. Mdudu wa aina ile ana sauti, usimwone vile. Anasugua shingo, anatoa kelele kama mlango unaohitaji mafuta. Kutwa kri kri, kri kri, mpaka Kabonesa akatoka na mwiko mkononi.

"Nyinyi mnagombania gogo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyelikata."

"Huyu amenikalia kwenye kona yangu," akasema Rutinwa.

"Gogo la mviringo lina kona wapi?"

Wakaitafuta ile kona, hawakuiona, wakaanza tena. Kabonesa akaona hakuna njia nyingine. Akawaambia watafanyiwa kama wanavyofanyiwa watu, watachanjana wawe ndugu, na ndugu hali na ndugu yake kwa kelele.

Sasa undugu ule ulifungwa hivi, na wewe uujue kwa sababu siku hizi haufungwi tena. Linachumwa tunda moja la buni, jekundu, limeiva. Linaminywa. Ndani mna punje mbili zimelala tumbo kwa tumbo kama watoto kwenye mkeka mmoja. Wewe unajichanja kidogo chini ya kitovu, na mwenzako vilevile. Damu yako inapakwa punje moja, anaimeza yeye. Damu yake inapakwa ya pili, unaimeza wewe. Mkishameza mmekuwa ndugu. Na kuna jambo la zaidi, hili ndilo lililoleta balaa: mti uliotoa tunda lile unakuwa mama yenu. Aliyemeza punje yake hawezi kuutia jino wala panga. Akiutia, punje inamvimbia tumboni.

Kabonesa akaenda kwenye mbuni wake, akachuma tunda zuri, kubwa. Akawaletea.

"Hilo?" Kajuna akasema. "Unataka nife kabla sijawa ndugu wa mtu? Tafuta dogo."

Akachuma lingine. Rutinwa akalizunguka, akalipima kwa miguu, akasema punje yake itamkaa shingoni. Dogo zaidi. Kabonesa akarudi, akachuma, likakataliwa. Wale wawili wakamfuata mpaka chini ya mti, wanapiga kelele miguuni pake, dogo, dogo zaidi, na jua linamchoma utosini. Mkono wake ukapata tunda moja dogo kuliko yote, la mviringo, kama ushanga. Akalichuma.

Wewe umechuma buni tangu ukiwa na meno ya utoto, unalijua tunda la mviringo. Tunda la kawaida limebonyea kidogo ubavuni. Lile la mviringo kama ushanga ndani lina punje moja tu, pacha wake hakuumbika. Kabonesa hakulijua? Alilijua. Amechuma buni maisha yake yote. Bibi yangu alisema kelele zilimpoteza. Dada yake bibi yangu alisema hapana, Kabonesa aliwachoka wale wawili akaona liwalo na liwe. Walikosana kwa ajili hiyo, mtu na dada yake, kila mmoja akiwa na Kabonesa wake. Mimi sijui nishike lipi. Ninachojua, tunda lilichumwa.

Wakakaa chini, jani la mgomba likatandikwa katikati. Kabonesa akawaambia wajichanje chini ya kitovu. Mdudu kitovu chake kiko wapi? Wakakisia. Wakajichanja, na kilichotoka hakikuwa chekundu, kilikuwa maji tu, meupe, ya huyu na ya yule hayana tofauti. Kabonesa akaminya tunda juu ya jani. Ikatoka punje moja.

Wakaiangalia. Kabonesa akaliminya ganda tena, likatoa utomvu. Akalichungulia ndani. Akaligeuza.

"Nyingine iko wapi?" akauliza Kajuna.

"Ngoja kwanza," akasema Kabonesa.

Lakini ngoja ya nini? Tunda lililofunguliwa kwa ajili ya undugu halitupwi, na siku hiyo halichumwi lingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kulitupa ni kusema undugu wa hawa wawili haufai kitu, na hapo wangeuana. Kabonesa akafikiri, akaona njia. Akawaambia kila mmoja apake damu yake upande wake, kisha washike punje, huyu mwisho huu na yule mwisho ule, waing'ate kwa pamoja. Itapasuka katikati, kila mtu atameza nusu.

Punje mbichi ina utelezi, unaijua. Umeshaminya buni ikakuruka mkononi ukaitafuta mpaka ukachoka. Wale wawili wakang'ata, punje ikateleza, wote wawili wakagugumia, wakafumba macho. Walipofumbua, jani lilikuwa tupu. Kabonesa akaangalia chini ya jani. Akainua mguu wake akaangalia chini ya mguu. Akakung'uta nguo. Hakuna.

"Nimemeza mimi," akasema Kajuna, na kifua akakitoa mbele.

"Umemeza mate yako," akasema Rutinwa. "Punje ninayo mimi. Hata sasa naisikia inashuka."

Siku ile, mjukuu wangu, kumeza ilikuwa heshima, kwa hiyo kila mmoja aliivutia kwake. Kabonesa akasema aliyemeza amemeza, ambaye hakumeza atajijua, yeye anakwenda kupika. Na kweli wakatulia. Wakagawana lile gogo, huyu upande huu, yule upande ule, kila mmoja akitembea kama mtu aliyebeba kitu cha thamani tumboni.

Ukaja mwaka ambao mvua ilichelewa. Magogo yakaisha. Kabonesa alipikia la mwisho, na nyuma ya nyumba pakabaki udongo mtupu na maganda. Kajuna na Rutinwa wakakaa pale wakiangaliana. Njaa ikawashika, na kila upepo ulipogeuka uliwaletea harufu ya mbuni, mti mbichi, una maji matamu ndani yake.

Kajuna ndiye aliyeanza. Au Rutinwa. Bibi alisema Kajuna.

"Ndugu yangu, nimeifikiria sana ile siku. Naona punje ulimeza wewe."

"Mimi?"

"Si ulisema unaisikia inashuka?"

"Nilisema kwa hasira," akasema Rutinwa. "Kilichoshuka yalikuwa mate, kama ulivyosema. Wewe ndiye uliyetoa kifua."

"Kifua natoa kila siku, ni umbile langu."

Umeona? Siku ya heshima wote wamemeza. Siku ya njaa hakuna aliyemeza. Kwa maana ambaye hakumeza, mbuni si mama yake, anaweza kuula na asipatwe na kitu. Na ajabu ni kwamba hawakuwa wanadanganya. Walikuwa hawajui. Kila mmoja alipokumbuka ile siku alisikia kitu kinapita kooni, lakini kilikuwa punje au kilikuwa woga, hakuweza kusema. Wakajipapasa matumbo, wakabaki pale pale.

Mwisho wakakubaliana hivi: wajaribu wote wawili kwa wakati mmoja. Aliyemeza atavimba, mwenzake atajua yeye yuko huru. Lakini wasiwe karibu, maana anayevimba anaweza kumlalia mwenzake. Mmoja aanzie nchani, mmoja aanzie shinani. Njia ya ndani ya mti ni nyembamba, kwa hiyo wakavua makoti yao, yale magumu ya mgongoni, wakayaficha chini ya jani kavu, wakaingia uchi. Ndiyo maana ukimpasulia mdudu huyu ndani ya mti unakuta buu jeupe, laini, halina miguu ya maana. Hajavaa.

Kajuna akashika ncha ya tawi, akaanza kushuka. Kila akienda kidogo anatoboa katundu ubavuni mwa tawi, anachungulia, anaita, "Rutinwa, umevimba?" Hajibiwi. Anaendelea, anatoboa tena, anaita, "Umevimba?" Tawi likawa na matundu yamepangana kama filimbi. Rutinwa yeye alikuwa shinani, mdomo umejaa, hana nafasi ya kujibu. Alichofanya ni kusukuma unga nje, ukajaa kwenye mizizi kama unga uliomwagika kwenye kinu.

Kabonesa aliona ncha za matawi zinanyauka. Akasema ni jua. Akachota maji akamwagia. Zikanyauka zingine. Akayaona matundu, halafu akauona unga chini, na hapo akakosea kosa lile lile analolifanya baba yako mkubwa. Alisema mdudu ni mdudu. Unga huu umeanguka kutoka kwenye matundu yale. Akachukua kisu akakata ncha zote zilizokauka, lakini alikata juu juu, na Kajuna alikuwa ameshapita chini ya hapo. Shina hakuligusa kabisa.

Buni zikaanza kudondoka kabla hazijaiva, nyeusi, nyepesi, zimejaa hewa. Wakaja watu wawili, mtu na shemeji yake, waliopigana kwenye pombe, wanataka kupatana. Kabonesa akachukua kikapu, akatafuta mti wote, hakupata tunda hata moja la kuwapa. Akawaomba wasubiri. Wakakaa kidogo, kila mmoja anaangalia miguu yake, kisha wakaondoka. Walikuja kwa njia moja, wakaondoka kwa njia mbili. Kabonesa akasimama mlangoni akawaangalia mpaka wakapotea kwenye migomba, na siku ile ndipo alipoogopa.

Akarudi kwenye mti, akaegemeza sikio kwenye shina. Akasikia kutafuna huku chini. Akasikia na kasauti huko juu, "Umevimba?" Akajua ni wawili, na ni nani. Akachukua ubua mwembamba, mgumu, akauchokoa kwenye tundu la shinani mpaka ndani kabisa, na Rutinwa akatoka anajikunja. Kisha akashuka na yale matundu ya tawi, akihesabu kwa kidole mpaka la mwisho, akakata chini ya hilo la mwisho, na Kajuna akaanguka. Unasikia lakini? Wa shinani hutolewa kwa kuchokolewa. Wa tawini hutolewa kwa kukatwa, chini ya tundu la mwisho. Dawa ya huyu haimtoi yule.

Wakakimbilia makoti yao kwa aibu, wakavaa upesi upesi, na makoti yalikuwa ya rangi moja. Kabonesa akaona akiwaacha hivi atawachanganya tena. Aliyetoka shinani akampaka udongo mweupe mgongoni. Aliyetoka tawini akampaka udongo wa njano kichwani. Udongo ulikuwa mbichi na makoti yalikuwa yametoka kwenye umande, ukashika, haukutoka tena.

Halafu akawauliza neno moja tu. "Nani alimeza punje?"

Alikuwa na sababu. Aliyemeza akala mti wa mama yake ana njia ya kusafisha. Anasimama kwenye mizizi, anasema, ni mimi. Basi. Akisema, mti unamsamehe na unachipua. Kabonesa hakutaka kumpiga mtu wala kumfukuza. Alitaka mmoja aseme ni mimi, mbuni wake uchipue.

"Si mimi," akasema mweupe.

"Si mimi," akasema wa njano. "Muangalie tumbo."

Wakaangaliana matumbo. Wote wawili walikuwa wamevimba, lakini walikuwa wamejaa mbao. Amevimba kwa punje au kwa shibe, utajuaje? Kila mmoja akataka kumpapasa mwenzake amsikie punje, na kila mmoja akaogopa kusogea asije akang'atwa. Wakabaki mbali, wakanyoosha pembe. Wakanyoosha. Pembe zile fupi za ulezi zikavutika, zikapita kichwa, zikapita mgongo, zikazidi urefu wa mwili wenyewe, na bado mmoja anampapasa mwenzake tumbo na hasikii kitu. Kabonesa amekaa pale, anauangalia mti wake.

"Sitaki kujua ya kweli," mwisho akawaambia. "Hata mimi mwenyewe sikuona. Mmoja wenu aseme tu. Yeyote."

"Si mimi."

"Si mimi."

Majani ya mwisho yakaanguka wakiwa pale pale. Mbuni ukafa. Bibi alikuwa akifika hapa anaacha kusuka mkeka wake, ananiangalia, na mimi nilikuwa namuuliza, "Bibi, kwani nani alimeza?" Siku moja aliniambia ni mweupe, ndiyo maana alipakwa rangi ya kusafishwa. Siku nyingine aliniambia ni wa njano, kwa sababu muulizaji sana ndiye mwenye hofu. Nikamkumbusha alivyosema kwanza, akanipa kofi la mgongoni. Na jambo lingine: walivaa makoti upesi upesi. Kwa hiyo hata yule mweupe ni Rutinwa kweli, au ni Rutinwa kavaa koti la Kajuna? Nimekaa na swali hilo mpaka nimeota mvi.

Kabonesa alichambua buni zilizoanguka. Zilizokuwa nyeusi akazifukia. Zilizokuwa nzima, zilizobonyea ubavuni, akazigawa nyumba kwa nyumba, kila mtu apande mlangoni kwake, ili mti mmoja ukifa watu wasikose pa kupatania. Ndiyo maana leo kila nyumba ina mibuni yake. Na Kabonesa, watu waliendelea kumpitia, hawakuja tena kwa buni, walikuja kumuuliza namna ya kupanda.

Na tangu siku hiyo, mdudu mwenye mgongo mweupe anaingia mbuni kwa shinani, anasukuma unga. Mwenye kichwa cha njano anaingia kwa nchani, anashuka akitoboa matundu, anauliza kama mwenzake amevimba. Pembe zao ni ndefu kuliko miili yao, na hazitulii, kila wanapotua wanapapasa. Wakizaa, watoto wanaingia mtini uchi, wanatoka wamevaa rangi ile ile. Na ukimshika yeyote kati yao ukamweka sikioni utamsikia anasugua shingo. Anasema si mimi, si mimi. Tangu siku hiyo pia, watu wakitaka kupatana, tunda linafunguliwa kwanza mbele ya wote, zionekane punje mbili, ndipo mtu anasema neno. Lile la mviringo, mwenye nyumba analitafuna peke yake.

Sasa nyanyuka. Umeelewa ninachokutuma? Wa Ndibalema ni wa mgongo mweupe, nimemuona mwenyewe, na unga uko kwenye mizizi. Achukue waya amchokoe. Wa baba yako ni wa kichwa cha njano. Akate tawi chini ya tundu la mwisho, alichome, asilitupe kwenye kuni. Huyu hakupanda na yule hakushuka. Hakuna haja ya kung'oa kitu.

Lakini hilo ni dogo, hata wasipolisikia mibuni mingine itapona. Nilichomwambia Ndibalema pale mlangoni, na panga lake, ni kwamba mmoja wao aseme ni mimi niliyeanza. Akaniuliza, "Mama, kwani nani alianza?" Magomvi yote ya ukoo huu nayajua, hilo silijui, na sasa nimechoka kulitafuta. Yeyote aseme.

Anza kwa baba yako huko chini, msimulie yote, ya makoti na ya punje. Kisha panda kwa baba yako mkubwa kabla hajanoa panga, umsimulie vilevile. Usimwongezee huyu, usimpunguzie yule. Wakisikia kila mmoja lake, kesho watakuja hapa kugombana nani kati yao ni Kajuna. Haya mama, nenda, wasimulie.